Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: mwaka mmoja wa kulipa deni kupitia bafuni na kwa kinyozi

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwaka jana nilikuwa na madeni mawili. La kwanza la mtu, halina riba ila lina aibu. Kila tukikutana jamaa ananisalimia kwa upole kupita kiasi, na huo upole ndio uliokuwa unaniua. La pili mkopo wa kwenye simu, riba asilimia 10 kwa mwezi. Kwa asiyejua riba hiyo inavyotembea, ukidaiwa 100 ukaiacha izaliane, yaani riba nayo inazaa riba, baada ya miezi 12 unadaiwa kama 314. Nilipopiga hesabu hiyo nilirudia mara mbili nikidhani nimebonyeza vibaya.

Kodi sikuweza kuigusa. Nauli sikuweza. Chakula nilishapunguza mpaka nikaanza kuwa mkali kwa watu. Nikachukua daftari nikaandika kila senti inayotoka, na mwisho wa mwezi nikakuta kitu ambacho sikukitarajia. Kinyozi, losheni, pafyumu, wembe, krimu ya uso, shampuu, mafuta ya ndevu (na ndevu zenyewe ni za kuhesabu), ukijumlisha vyote vilikuwa vinakaribia moja ya kumi ya mshahara. Hakuna hata kimoja kilichokuwa ghali, ndiyo maana nilikuwa sikioni.

Nikaingia bafuni nikatoa kila kitu nikakipanga sakafuni. Vyombo 14 vilivyokwisha kufunguliwa. Losheni tatu, zote zimefika nusu. Shampuu mbili, na mimi nilikuwa nanyoa kila baada ya wiki mbili, sijui nilikuwa naosha nini. Krimu moja ya uso nilishasahau hata nilinunua lini.

Nikajiwekea sheria moja tu: hakinunuliwi kitu mpaka mwenzake aishe. Na kuisha maana yake kuisha kweli. Chupa ya losheni pampu ikianza kutoa hewa, usiitupe, ikate katikati kwa kisu. Niliyoikata mimi ilinipa siku 9 nyingine. Tyubu ya dawa ya meno vilevile, ipasue kwa mkasi, imekaa kimya kumbe ina mzigo kwenye mabega.

Sheria hiyo peke yake ilinivusha miezi minne bila kununua losheni wala shampuu. Angalizo tu, vitu vya urembo navyo vinachacha. Nyuma ya chombo tafuta kipicha cha kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani kimeandikwa 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Ile krimu niliyoisahau niliinusa, nikaitupa bila majadiliano.

Nikipata nafasi nitaeleza nilivyojinyoa mwenyewe. Hapo ndipo penye msiba.

Hesabu Kali

Mkuu, kwa heshima, hizi ni hesabu za kujifariji. Sabuni haimalizi deni. Mtu anadaiwa hela ya maana halafu anakata chupa ya losheni kwa kisu? Ongeza kipato.

Mleta uzi

@Hesabu Kali kuongeza kipato nilitaka sana, kipato ndicho hakikutaka. Lakini wewe jina lako ni hesabu, basi tupige hesabu.

Chukua deni la 100 kwa riba hiyohiyo ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa 10 kila mwezi hulimalizi milele, unalipa riba tu, deni linakutazama. Ukilipa 12, mwezi wa kwanza umepunguza 2, na utaenda karibu miezi 19, ukiwa umetoa kama 226 kwa jumla. Sasa ongeza 3 tu, ulipe 15. Unamaliza ndani ya mwezi wa 12 na jumla uliyotoa ni kama 173. Zile 3 zimekuokolea 50 na ushee na miezi saba ya maisha yako.

Mimi nilikuwa kwenye 12. Hizo 3 sikuzipata kwingine, nilizipata bafuni. Riba ikiwa ndogo hii hesabu haina utamu huo, nakubali. Riba ikiwa kali, kisenti kinachozidi kiwango cha riba ndicho kinachofanya kazi yote.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichukua miezi miwili kulielewa. Mwezi wa kwanza nilibana kweli, lakini deni halikusogea zaidi ya kawaida. Hela niliyookoa ilikuwa imebaki kwenye simu, na hela iliyobaki kwenye simu mpaka jioni inapata kazi nyingine. Tangu hapo, siku niliyotakiwa kwenda kunyoa, nilikuwa natuma hela ya kinyozi kwenye mkopo saa ileile, kabla sijashika mashine. Nisipoituma, nahesabu sijaokoa kitu.

Na yule wa deni la aibu nilimfuata nikamweleza ukweli, kwamba naanza na mkopo wenye riba, yeye atanisubiri. Alicheka. Kumbe alikuwa ananionea huruma tu, mimi nikadhani ananisimanga.

Hesabu Kali

Hapo kwenye 12 na 15 nimerudia mwenyewe, iko sawa. Endelea na uzi, nakaa pembeni.

Bi Harusi Mtarajiwa

Mleta uzi tunasubiri ya kinyozi.

Mleta uzi

Haya. Nilinunua mashine ya kunyolea ya betri, bei yake ilikuwa sawa na kunyolewa mara saba. Nikajisemea ndani ya miezi minne imejilipa. Ikafika Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi nina kikao na wakubwa. Nikaweka kitana namba 2, nikaanzia upande wa kulia. Inakwenda kama kwenye siagi. Nikapanda juu, nikafika katikati ya utosi, nikaanza kujisifu kwa sauti.

Mashine ikabadilisha sauti. Ikawa inaguna. Kisha ikaanza kuvuta nywele badala ya kuzikata, na kabla sijaitoa ikazima imezing'ata. Nimesimama mbele ya kioo, mashine inaning'inia kichwani yenyewe, sijaishika. Nilipoinasua nikajiangalia: kulia askari, kushoto mwanamuziki.

Kuichaji ilitaka saa kadhaa, na mwanzoni nilikuwa nimeitoa kwenye boksi moja kwa moja bila kuichaji. Nikachukua mkasi wa karatasi. Mkasi ukafanya ngazi. Kujaribu kusawazisha ngazi ndiko kulikozaa mashimo. Saa saba usiku nilichukua wembe nikamaliza kila kitu. Asubuhi kikaoni mkubwa wangu alinitazama kichwani, akatazama makaratasi, akatazama kichwani tena, akaendelea na ajenda.

Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi nadhani walishaona mtu kama mimi.

Kinyozi Mzoefu

Nimecheka mpaka mteja kanigeukia na wembe uko shingoni mwake, ingekuwa kesi nyingine.

Mimi ndiyo kazi yangu, na nyuzi kama hizi zinaniuma mfukoni, lakini kama mtu ameamua kujinyoa basi ajinyoe vizuri. Namba za vitana ni urefu wa nywele utakazobakiza: namba 1 ni kama milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni 10, namba 4 ni 13. Mara ya kwanza anza na kubwa kuliko unayotaka, mara zote. Nywele za kukata zaidi zipo, za kurudisha hazipo. Kichwa kiwe safi na kikavu, nywele za mafuta zinakwamisha meno. Nyoa kwa kupandisha, kinyume na zinavyolala, taratibu, ukipita sehemu moja mara mbili tatu kutoka pande tofauti. Kisogoni mwachie mtu mwingine, mkono wako hauoni. Na ukimaliza, futa meno kwa brashi, tia tone mbili za mafuta ya mashine. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu eti zimekufa hazijafa, zina kiu tu.

Pili, msiazimane mashine ovyo. Mapunye yanahama kwa mashine na vitana kama abiria. Wembe ndio kabisa usiazimane hata na ndugu, kwa sababu damu kidogo usiyoiona inabeba homa ya ini B. Ukija saluni una haki ya kuuliza mashine imesafishwa kwa dawa gani, na kinyozi anayekasirikia swali hilo mwachie kiti chake.

Tatu, mwenye vipele vya ndevu aache kunyoa mpaka ngozi ing'ae. Nywele za kujikunja zikikatwa chini ya ngozi zinajipinda na kuchoma kwa ndani, ndipo kipele kinapotoka, ndipo unanunua krimu ya kipele. Pita na mashine bila kitana, bakiza kivuli. Wembe hununui, krimu hununui.

Na mkitaka kubana bila kunikimbia kabisa, sogezeni siku. Nywele za kichwani hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Ukinyoa kila wiki mbili ni mara 26 kwa mwaka. Ukisogeza iwe wiki tatu ni 17. Katikati njoo nikuchonge mistari tu, bei yake ndogo, na nusu ya unadhifu wa mwanaume iko kwenye mistari.

Mleta uzi

@Kinyozi Mzoefu, hiyo ya kuchonga ndiyo niliyoishia kuifanya. Kichwa najinyoa mimi, na kila wiki ya sita naenda kwa kinyozi wangu wa zamani, analipwa kamili bila kuombwa punguzo. Mara ya kwanza niliporudi baada ya ule msiba alizunguka kichwa changu akauliza, "Nani alikufanyia hivi?" Nikamwambia sijui.

Msusi wa Nyumbani

Kaka zangu mna bahati, shida yenu inaisha kwa mashine. Njooni kwetu.

Dada aliye kwenye deni kitu cha kwanza anachofanya anasuka vidogo vidogo na kukaza ili zikae muda mrefu. Naelewa hesabu yake, lakini mimi nawaona wanaporudi. Zikikazwa mpaka nyusi zinapanda na ukashindwa kulala ubavu, mizizi inavutwa. Inaanza vijipele kwenye paji la uso, halafu nywele za pembeni zinakimbia. Ukirudia miaka, hazirudi tena. Wigi la kufunika pembeni ni ghali kuliko kusuka mara mbili. Mwambie msusi alegeze, kaa nazo wiki sita mpaka nane, kisha fumua. Nywele bandia za kusukia zikitunzwa huoshwa na kutumika tena, mtu asikudanganye lazima pakiti mpya kila mara.

Kuosha, kondishena, kufumua, kusuka mabutu makubwa ya kulalia: hivyo vyote fanya nyumbani, ni muda tu. Dawa ya kulainisha nywele USIJIWEKEE mwenyewe kisogoni kwa kubahatisha kwenye kioo. Ile ni kemikali kali ya kuunguza, pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, inapita 12. Kama hela ya kuwekewa haipo, acha nywele zikae na ukuaji wake, hazitakuuliza. Rangi ya nywele pia, hata kama uliwahi kuitumia, jaribu kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na usubiri saa 48. Nimeona uso uliovimba mpaka macho yamefungana, na mwenyewe alikuwa anaokoa hela ya saluni.

La mwisho la akina dada, kaka mnaweza kufumba macho. Pedi ni matumizi ya kila mwezi na hayaahirishwi. Kikombe cha hedhi cha silikoni kinauma bei siku ya kununua, lakini kikitunzwa kinafika hata miaka 10. Unakichemsha kabla na baada ya kila mzunguko, unaosha mikono, basi. Siyo kila mtu anakipenda, mimi ilinichukua mizunguko mitatu kukizoea, na ule wa kwanza nilikitukana. Asiyekitaka kuna pedi za kitambaa za kufua, ila zianikwe juani zikauke kabisa.

Bi Harusi Mtarajiwa

Mimi nina miezi mitano kabla ya harusi na deni la chuo. Nimesikia limau linang'arisha uso na ni bure. Nani amejaribu?

Ngozi Yangu Shahidi

Mimi. Usijaribu.

Nilijipaka shingoni na mikononi, nikatoka nje mchana. Jioni pakaanza kuwaka, kesho yake malengelenge, na baada ya malengelenge pakabaki mabaka meusi yaliyofuata mstari uleule maji ya limau yalipochuruzika. Yaani mtu akinitazama anaona kabisa lilipotiririka. Daktari aliniambia limau na ndimu zina kemikali inayoamshwa na jua, ngozi inaungua kama imemwagiwa kitu. Mabaka yalikaa miezi. Nilichookoa kwenye krimu kilikwenda hospitali, na chenji haikurudi.

Na zile krimu za kung'arisha zisizo na maandishi ya maana nyuma, achana nazo hata ukipewa bure. Nyingine zina zebaki, na zebaki inakwenda kwenye figo. Nchi zilikubaliana kwenye Mkataba wa Minamata kuziondoa sokoni, lakini bado zipo.

Mleta uzi

Pole sana @Ngozi Yangu Shahidi.

Bi harusi, nikuambie nilichojifunza kwenye maandishi ya nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji anaweza kuvipanga anavyotaka. Mimi nilikuwa na krimu yenye asali kubwa imechorwa mbele, nyuki anapaa kabisa. Nikageuza nyuma: maji, gliserini, mafuta ya mgando, nta, vingine vingi, harufu, ndipo asali ikaonekana baada ya harufu. Nilikuwa nalipia picha ya nyuki.

Nikarudi kwenye mafuta ya mgando ya kawaida. Robert Chesebrough alipata hataza yake Marekani mwaka 1872 na hadi leo kazi ni ileile. Hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo unapaka ukiwa bado na unyevu, ukitoka tu kuoga, siyo baada ya nusu saa umekauka kama karatasi. Kidogo tu, ukipaka sana unateleza kama samaki. Usoni kwa mwenye chunusi siyashauri.

Kwenye kununua, gawanya bei kwa mililita au gramu kabla ya kuamua. Kubwa siyo nafuu siku zote, nimeshakamata mara mbili chupa kubwa iliyozidi ndogo mbili. Na sabuni ya kipande iweke mahali maji yanachuruzika. Yangu ilikuwa inalala kwenye dimbwi, nusu yake ilikuwa inaisha bila mtu kuoga.

Sasa penye kubana vibaya. Meno. Kuna mwezi nilifikiria kuacha dawa ya meno nitumie chumvi. Bahati nzuri nilimuuliza daktari wa meno kwanza. Kinachokulinda ni floraidi, na mtu mzima anatakiwa achukue yenye sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni, imeandikwa kwenye tyubu kwa maandishi ya kutafuta na miwani. Ya bei ya chini yenye floraidi inatosha, rangi mbili tatu na ahadi za weupe ni mapambo. Unapobana ni kwenye kipimo: mtu mzima kiasi cha punje ya njegere, mtoto chini ya miaka mitatu kama punje ya mchele tu. Ule mkanda mrefu uliojikunja juu ya mswaki tunaouona kwenye matangazo ni wa kuuzia. Ukimaliza tema, usisukutue na maji, iache ifanye kazi. Mswaki badilisha kila miezi mitatu au minne. Jino bovu lina riba kali kuliko mkopo wowote wa simu.

Krimu ya kukinga jua pia sikuigusa, ila niliacha kukimbiza namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, SPF 50 kama 98. Ile asilimia moja ilikuwa inaniuzia chupa ya bei juu, halafu naipaka kiduchu kwa sababu ni ghali. Bora ya kawaida ipakwe ya kutosha.

Hesabu Kali

Nimerudi. Pafyumu je? Hujaitaja tangu mwanzo.

Mleta uzi

Umenikamata. Pafyumu sikuiacha. Zilikuwa nne, tatu nikazimaliza moja baada ya nyingine, nikabaki na moja. Nilijaribu kuacha wiki mbili nikaona nimeanza kukaa nyuma kwenye vikao. Hela niliyookoa haikulingana na hiyo. Kope bandia za dada mwingine zinaweza kuwa hivyohivyo, sitamhukumu. Chagua kimoja, vingine viondoke.

Mkopo wa simu niliumaliza mwezi uliopita, malipo ya 12, na la mwisho lilikuwa dogo. Jamaa wa deni la aibu naanza naye mwezi huu. Jana tumekutana, amenisalimia kwa ukali wa kawaida, nimefurahi sana.

Bi Harusi Mtarajiwa

Hongera mkuu. Mchumba wangu amesoma uzi wote na sasa anataka kujinyoa mwenyewe Jumamosi. Aanze na namba ngapi?

Kinyozi Mzoefu

Namba 4, kisha 3. Asishuke chini ya hapo wiki ya kwanza.

Mleta uzi

Namba 4, msikilize mzee. Na aichaji kuanzia Ijumaa.